Kama mhimili haugeuki, nini kinageuka?

Mpwa wangu alikuwa amechora Jua katikati ya karatasi, na kulizunguka akachora Dunia nne, moja kwa kila majira. Katika kila Dunia alipitisha mstari wa mhimili, ule wa kuwaziwa tu ambao Dunia hujizungusha juu yake, na kila mstari aliuinamisha kuelekea kwenye Jua. Mchoro ulikuwa safi, rangi zimekaa vizuri. Lakini katika ulimwengu wa namna hiyo kizio cha kaskazini, yaani nusu ya juu ya Dunia, kingekuwa na majira ya joto mwaka mzima, na cha kusini kisingeyaona kamwe.

Nikamwambia, “Mama, mistari yote minne ielekee upande mmoja wa karatasi, kwenye ile pembe ya juu kulia, popote Dunia ilipo.”

Akafuta, akachora upya, akautazama mchoro wake kwa muda. Kisha akauliza:

“Sasa mjomba, kama mhimili haugeuki mwaka mzima, nini kinageuka?”

Nilimjibu kwamba Dunia inahama mahali, na ikishahama, sehemu inayolielekea Jua inakuwa nyingine. Jibu lilimtosha, akaendelea na mambo yake. Mimi swali lilinikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Kila nilipolirudia niliona limebeba swali jingine tumboni, tena gumu zaidi.

Kwa nini huo mhimili haugeuki?

Umbali nao una lake

Kwamba majira hayaletwi na Dunia kulikaribia Jua na kwenda mbali nalo, wengi tumeshasikia. Hoja ya kawaida ni fupi: Dunia huwa karibu zaidi na Jua mwanzoni mwa Januari, kwa kilomita milioni 147 hivi, na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kwa kilomita milioni 152. Januari kaskazini ni baridi. Basi umbali umeshindwa kesi, tunasonga mbele.

Mimi sikuweza kusonga mbele upesi hivyo. Tofauti ya kilomita milioni 5 ina maana kwamba mwanga wa Jua unaoifikia Dunia mwanzoni mwa Januari unauzidi ule wa Julai kwa karibu asilimia 7. Hiyo si kidogo. Joto hilo la ziada linakwenda wapi?

Nikatafuta wastani wa joto la Dunia nzima, bara na bahari pamoja. Kwa karne ya 20, wastani wa Januari ulikuwa nyuzi 12.0 za Selsiasi. Wa Julai ulikuwa 15.8.

Yaani Dunia nzima kwa jumla ina joto zaidi wakati iko *mbali* na Jua.

Hapo nilisimama. Kilichonisaidia kuelewa ni ramani. Sehemu kubwa ya nchi kavu iko kaskazini. Kizio cha kusini ni bahari kwa takriban asilimia 80. Nchi kavu hupata joto upesi ikipigwa na jua. Bahari hulimeza joto, hulichanganya hadi kina kirefu, na uso wake hupanda taratibu. Basi Julai, Jua linapokipiga kizio chenye mabara mengi, wastani wa Dunia nzima hupanda, hata kama mwanga wenyewe umepungua kidogo. Januari mwanga ulioongezeka unaangukia maji.

Kwa hiyo umbali upo na unafanya kazi yake, ila mwinamo wa mhimili na mpangilio wa mabara vinaufunika. Nadhani wanafunzi wangepaswa kuambiwa hivyo. Ukimwambia mtoto kwamba umbali hauna athari yoyote, unamfundisha kulitupa wazo ambalo lina chembe ya ukweli, wakati angeweza kufundishwa kulipima.

Na michoro ya vitabuni haisaidii. Karibu kila kitabu kinauchora mzingo wa Dunia, njia yake ya kulizunguka Jua, kama yai lililobanwa, kwa sababu mchoraji anautazama kutoka ubavuni. Ukiuchora kwa usahihi, kutoka juu, kwenye karatasi, uwe na upana wa sentimita 30, tofauti kati ya upana wake mkubwa na mdogo haifiki hata nusu ya sehemu ya kumi ya milimita. Ncha ya penseli ni nene kuliko hiyo. Ni duara, kwa jicho lolote la binadamu. Kinachoonekana ni kwamba Jua halijakaa katikati kabisa: limesogea milimita 2 na nusu pembeni.

Miale inapolala

Mwinamo ni nyuzi 23.4. Namba hii tumeikariri sote. Ila kuna namna ya kuieleza ambayo inanitia shaka kila ninapoisikia: kwamba kizio kilichoinamia Jua “kiko karibu zaidi nalo”, ndiyo maana kina joto. Hilo ni kosa la umbali lililorudi kwa mlango wa nyuma. Dunia nzima ina kipenyo cha kilomita 12,700 hivi. Hata uiinamishe vipi, hakuna sehemu itakayolisogelea Jua kwa zaidi ya hapo, na tumeshaona kwamba kilomita milioni 5 zenyewe zinafunikwa.

Mwinamo unafanya mambo mawili, na yote mawili yanahesabika.

Chukua mahali popote kwenye latitudo ya 50 kaskazini. Adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote, karibu na tarehe 21 Juni, Jua huwa limepanda nyuzi 63 juu ya upeo wa macho. Adhuhuri ya siku fupi kuliko zote, karibu na tarehe 21 Desemba, halifiki hata nyuzi 17. Miale inakuja imelala, na mwanga uleule unatandazwa juu ya eneo kubwa zaidi. Kila mita ya mraba ya ardhi inaambulia theluthi moja hivi ya kile ilichopata Juni.

Halafu kuna urefu wa mchana: saa 16 hivi Juni, saa 8 hivi Desemba.

Ukiyaunganisha hayo mawili, siku nzima ya Juni inapokea nishati zaidi ya mara 5 ya siku nzima ya Desemba, mahali palepale, kutoka kwenye Jua lilelile. Weka ile asilimia 7 ya umbali pembeni ya mara 5, utaona kwa nini haisikiki.

Na urefu wa mchana una nguvu kuliko nilivyodhani. Katikati ya Juni, juu ya angahewa, Ncha ya Kaskazini inapokea nishati nyingi kwa siku kuliko ikweta, kwa zaidi ya theluthi. Jua huko liko chini, nyuzi 23 tu, lakini halizami kwa saa zote 24. Ncha inabaki baridi kwa sababu barafu inarudisha angani sehemu kubwa ya mwanga huo, na sehemu nyingine inaishia kuyeyusha barafu bila kupandisha kipimajoto.

Joto lenyewe huchelewa kuufuata mwanga. Karibu na tarehe 20 Aprili na tarehe 22 Agosti Jua linapita kwenye kimo kilekile angani, na mchana una urefu uleule. Kaskazini, Aprili bado kuna ubaridi na Agosti ni joto. Ardhi na bahari vinaanza kupashwa Aprili. Agosti vimeshapashwa kwa miezi. Barafu ya bahari ya Aktiki hufikia udogo wake wa mwisho Septemba, miezi mitatu hivi baada ya siku ndefu kuliko zote.

Copernicus naye alilikuta swali hili

Sasa nirudi kwenye kile kilichonisumbua hasa.

Nilipokuwa nasoma kuhusu historia ya wazo hili, nilikuta kwamba mchoro wa kwanza wa mpwa wangu, ule wenye mihimili yote minne imeinamia Jua, ndio mchoro ambao mwanaastronomia Nicolaus Copernicus aliuona kuwa wa kawaida. Katika kitabu chake cha 1543 aliipa Dunia mienendo mitatu. Wa kwanza ni kujizungusha kila siku. Wa pili ni kulizunguka Jua kila mwaka. Na wa tatu?

Wa tatu ulikuwa wa kuurudisha mhimili mahali pake.

Katika fikra za wakati wake sayari zilibebwa na tufe kubwa zinazozunguka. Kitu kilichofungwa kwenye tufe linalozunguka hugeuka pamoja nalo, kwa hiyo mhimili wa Dunia ungekuwa umeliinamia Jua daima. Copernicus alijua kwamba anga halionyeshi hivyo: mhimili unaelekea karibu na nyota ileile, Nyota ya Kaskazini, Januari na Julai. Basi akaweka mwendo wa tatu, wa kuuzungusha mhimili kinyume, mara moja kwa mwaka, ili ubaki umetazama palepale.

Nilifurahi sana kulisoma hilo. Mtu aliyeihamisha Dunia kutoka katikati ya ulimwengu aliona kwamba mhimili usiogeuka ni jambo linalodai maelezo, na hakuliacha lipite.

Aliyeuondoa mwendo wa tatu kwa namna ninayoipenda zaidi ni Galileo, katika kitabu chake cha 1632. Alisema: jaza bakuli maji, weka mpira unaoelea, lishike bakuli kwa mkono ulionyooshwa, kisha jizungushe polepole hapo uliposimama. Utauona mpira kama unajizungusha ndani ya bakuli, kinyume na wewe. Ulinganishe na kuta za chumba, na utagundua kwamba mpira haujageuka hata kidogo. Ni wewe na bakuli mliogeuka.

Nililifanya jaribio hilo. Nilichora doa kwenye mpira ili niweze kulifuata, nikageuka taratibu mno, maana ukienda haraka maji yanaukokota mpira. Doa lilibaki limetazama dirisha. Nikageuka robo, doa likatazama dirisha; nikageuka nusu, nikiwa nimelipa dirisha mgongo, doa bado likalitazama.

Hakuna anayeushika ule mpira. Hakuna mwendo wa tatu.

Kitu kilicho huru kikibebwa kuzunguka hakina sababu ya kugeuka. Kinahitaji kugeuzwa. Na Dunia ni ngumu kugeuzwa kuliko mpira ndani ya maji, kwa kuwa yenyewe inajizungusha, na kitu kizito kinachojizungusha hushikilia mwelekeo wa mhimili wake. Kwenye ikweta mzunguko huo unakwenda kilomita 1,670 kwa saa. Jua linaivuta Dunia hadi inapinda njia yake yote na kuifanya duara, lakini mvuto huo unaushika mwili mzima karibu sawasawa. Haupati mahali pa kuikamata Dunia na kuisokota.

Kwa hiyo jibu nililompa mpwa wangu lilikuwa nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba majira yanatokea *kwa sababu* mhimili haugeuki. Kama ungekuwa unageuka pamoja na mwendo wa mwaka, ukiliinamia Jua siku zote, kusingekuwa na majira yoyote: kaskazini wangekaa kwenye joto, kusini kwenye baridi, bila kubadilishana. Mwinamo peke yake hautoshi. Mwinamo unagawa mwanga kwa upendeleo. Kushikilia mwelekeo mmoja wakati Dunia inazunguka ndiko kunakoupitisha upendeleo huo kutoka kizio kimoja hadi kingine.

Nimetazama michoro mingi tangu hapo, na karibu yote inaandika “mwinamo” kwa herufi kubwa, halafu mwelekeo usiobadilika inauacha kwa msomaji aubahatishe kutokana na mistari sambamba.

Karibu na ikweta

Yote niliyosema hadi hapa yanapendelea latitudo za kati, na kuna watu wengi mno wanaoishi mahali ambapo majira manne ya vitabuni hayapo.

Kwenye ikweta Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, na hata Juni na Desemba adhuhuri yake haishuki chini ya nyuzi 66. Mchana una takriban saa 12 mwaka mzima. Joto halibadiliki sana. Lakini majira yapo, na yanasababishwa na mhimili uleule. Ukanda wa mawingu na mvua unaozunguka Dunia katika nchi za joto huyumba kaskazini na kusini ukiufuata ukanda wa joto kubwa zaidi, nao kwa kuchelewa kidogo. Mahali ambapo unapita ukienda na kupita tena ukirudi pana misimu miwili ya mvua. Mahali ambapo unafika na kugeuka pana mmoja.

Hata pepo zinatii. Bara la Asia likipashwa joto katikati ya mwaka huvuta hewa kutoka baharini, na likipoa huirudisha. Kaskazi na kusi katika Bahari ya Hindi, pepo ambazo mabaharia walisafiri nazo kati ya Arabuni, India na pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi, ni kazi ya nyuzi 23.4.

Ukipewa muda, unageuka

Nimesema mhimili haugeuki. Kwa maisha ya mtu mmoja, hiyo ni kweli ya kutosha. Kwa miaka elfu, hapana.

Dunia si tufe kamili: imevimba kwenye ikweta, ambako kipenyo chake kinazidi kile cha ncha hadi ncha kwa kilomita 43. Uvimbe huo ndio mahali pa kukamatia. Jua na Mwezi vinauvuta, na mhimili unazunguka polepole, ukichora duara angani kwa miaka kama 26,000. Hipparchus wa Ugiriki aliutambua mwendo huo katika karne ya 2 kabla ya Kristo kwa kulinganisha mahali pa nyota na vipimo vya waliomtangulia. Newton alieleza sababu yake mwaka 1687. Na Copernicus, kwa haki yake, alikuwa ameuona: alifanya mwendo wake wa tatu uwe mfupi kidogo kuliko mwaka, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyousogeza mhimili.

Mzingo nao unageuka, hivyo ile tarehe ya Dunia kuwa karibu na Jua inazunguka kalenda yote kwa miaka 21,000 hivi. Miaka 11,000 hivi iliyopita ilikuwa katikati ya mwaka, majira ya joto ya kaskazini. Asilimia 7 tuliyoidharau ikaangukia mabara. Ardhi ikapata joto zaidi, mvua za monsuni, zile zinazoletwa na pepo za msimu kutoka baharini, zikavutwa mbali zaidi kaskazini, na Sahara ikawa na nyasi, mito na maziwa. Ziwa Chad lilikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 300,000. Kwenye miamba ya Tassili n'Ajjer, Algeria, kuna picha za twiga na makundi ya ng'ombe, mahali ambapo leo pana mchanga na mawe. Kufikia miaka 5,000 hivi iliyopita sehemu kubwa ilikuwa imekauka.

Kwangu hili ndilo lililobadilisha uzito wa jambo zima. Nilianza na mchoro wa penseli, nikafika kwenye watu waliolazimika kuhama na mifugo yao kwa sababu tarehe moja ilikuwa inasogea kwenye mzingo, siku moja hivi kila baada ya miaka 60.

Mwinamo wenyewe pia unabadilika, kati ya nyuzi 22.1 na 24.5, kwa mzunguko wa miaka 41,000. Milutin Milanković, mwanahisabati wa Serbia, alitumia miaka mingi ya mwanzo wa karne ya 20 kuhesabu kwa mkono namna mabadiliko haya yanavyoongeza na kupunguza joto la kiangazi kaskazini, na namna kiangazi hafifu kinavyoacha theluji isiyeyuke hadi enzi ya barafu inaanza. Tofauti hizo zingeweza kuwa kubwa zaidi. Sayari ya Mirihi, ambayo miezi yake miwili ni midogo mno kuushikilia mhimili wake, huyumba kwa makumi ya nyuzi katika mamilioni ya miaka. Mwaka 1993 mwanaastronomia Jacques Laskar na wenzake walionyesha kwamba bila Mwezi mhimili wa Dunia nao ungeweza kuyumba vibaya sana. Hesabu za baadaye zimepunguza ukali wa picha hiyo, lakini Mwezi bado unahesabiwa kuwa mtulizaji.

Kwa sasa mwinamo unapungua. Duara la Aktiki, mstari ambao kusini yake Jua halikeshi, unasogea kaskazini kwa mita 14 au 15 kwa mwaka. Kwenye kisiwa cha Grímsey, Iceland, mstari huo unapita juu ya nchi kavu, na tangu 2017 umewekewa alama ya tufe la zege lenye kipenyo cha mita 3 ambalo husogezwa ili liufuate. Katika miongo michache ijayo mstari utakitoka kisiwa na kuingia baharini. Kupungua kutaendelea kwa miaka 10,000 hivi, hadi nyuzi 22.6, kisha mwinamo utaanza kupanda tena.